Kitabu Mapajani, Kichwa Mikononi

Ninyi mabinti mnaoanza kusuka, na ninyi wazazi vijana mnaokuja kukaa kwenye viti vya saluni huku mmeinamia simu, nina neno moja kwenu kabla sijalisahau: mtoto akikaa chini asukwe, mpeni kitu cha kusoma. Kitabu, gazeti, hata pakiti tupu ya meshi, alimradi kina maandishi. Mkitaka kunibishia, someni kwanza mpaka mwisho, halafu njooni mnibishie nyumbani, maana siku hizi niko nyumbani kutwa. Vidole vyangu vimegoma. Asubuhi hata kifuniko cha chupa ya maziwa kinanishinda, inabidi nimwite jirani.

Nilifika Durban nikitokea Bukavu, na kazi niliyoijua ilikuwa kuuza vitenge. Kusuka nilifundishwa na Mama Mado, mwanamke wa Lubumbashi aliyekuwa na saluni ndogo katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la simu. Chini teksi zilipiga honi, juu sisi tulipiga soga. Mama Mado alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, na aliweza kuuona mstari uliopinda hata akiwa amekupa mgongo. Siku zangu za mwanzo alinipa watoto. Wasusi wapya wote hupewa watoto, kwa sababu mtoto halalamikii mtindo. Lakini mtoto hatulii. Wa kwanza niliyemsuka aligeuka kulia kumtazama njiwa dirishani, akageuka kushoto kumtafuta alikokwenda, na nilipomaliza, njia za kichwani mwake zilikwenda huku na huku kama za kuku aliyefukuzwa. Mama yake alimtazama, akanitazama mimi, akasema tu, "Mungu wangu."

Mama Mado hakunigombeza. Alifumua yote, kisha akaokota sakafuni pakiti tupu ya meshi, zile nywele za bandia tunazounganishia, akamwekea mtoto mapajani.

"Huyu anachezacheza sababu hana kazi," akaniambia. "Umupatie kazi. Wee mutoto, unisomee ile baliandika hapa."

Mtoto akaanza kusoma kwa kujikokota: rangi, urefu, usiweke karibu na moto. Kichwa kikatulia kabisa. Mama Mado akasuka kichwa kizima bila kusema "kaa vizuri" hata mara moja, halafu akanitazama kwa kiburi ambacho nilikuja kukirithi.

Ndivyo ilivyoanza. Hatukuwa na mpango wa kufundisha watoto wa watu kusoma. Tulitaka vichwa vitulie, basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ufundi wenyewe uko hapa. Kitabu ndicho kinachoongoza kichwa. Ukisuka kisogoni, kitabu kiwe mapajani. Mtoto atainama mwenyewe na shingo yote utakuwa nayo. Ukipanda utosini, kiweke juu ya kigoda mbele yake. Ukifika mbele, kwenye paji la uso, lazima mtu mwingine akishike usawa wa macho, na mtu huyo ni yule aliyemleta. Kwangu mzazi hakuketi bure. Umeleta kichwa, shika kitabu. Mtoto akikwama kwenye neno, usimtajie upesi. Mwache alitafune kwanza. Na nyinyi wasusi, nywele za ukingoni mwa paji msizikaze. Hilo halihusiani na kusoma, lakini nimeona mapaji ya watoto yakirudi nyuma kama ya wazee, na nikiona hivyo bado damu inanichemka.

Kulikuwa na baba mmoja, mpakuaji wa mizigo kwenye maghala ya Mobeni, aliyemleta binti yake Jumamosi akitoka zamu. Kurasa za mwanzo alikishika kitabu vizuri. Kisha usingizi ukamwelemea, mikono ikaanza kushuka, kitabu kikashuka, kichwa cha binti kikakifuata kitabu, na mimi nikakifuata kichwa. Nilipokuja kushtuka, mistari yote ya mbele ilikuwa inaelekea puani. Binti akamtikisa goti baba yake. "Papa, amuka, simba ashakula mutu na weye hukuone." Kuanzia siku ile baba yule nilimpa chai kwanza, kitabu baadaye.

Na mimi nina langu. Desemba moja, wateja wamejaa mpaka kwenye ngazi, mtoto niliyekuwa namsuka alichomeka nyuma ya sikio kile kijikaratasi cha kuonyesha ukurasa, ili asikipoteze. Mimi nikakizoa pamoja na meshi, nikakisuka ndani. Jumapili kanisani, mama aliyeketi nyuma yake akaona kitu kinachungulia kwenye rasta, akakivuta taratibu. Kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko wa mtoto: *Tumefika hapa.* Mahubiri yote yaliyofuata yule mama hakuyasikia kwa kicheko, na mpaka leo akiniona njiani ananiuliza tumefika wapi.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Neema.

Neema aliletwa kwangu mwaka ule wa Kombe la Dunia. Mama Mado alikuwa ameshahamia Johannesburg kwa binti yake, akaniachia viti, vioo na ile tabia ya kuamuru. Mama Neema, mtu wa Uvira, alikuwa na meza yake chini, mbele ya jengo letu, akiuza vifuniko vya simu na chaja. Alipanda ngazi asubuhi moja akimkokota msichana mwembamba mwenye macho makubwa, na nyuma yao akaja mdogo wake Josué, akirukaruka.

"Mama Zawadi, ona huyu," alisema. "Ku nyumba anasomaka muzuri sana. Ku masomo anafunga kinywa, ata neno moja hapana."

Masomo kwetu ni shule. Neema alipoingia shule ya hapa, wiki ya kwanza kabisa, mwalimu alimwambia asome kwa sauti. Akasimama, akasoma Kiingereza chake alichokibeba kutoka nyumbani, chenye zile *r* za Kifaransa zinazotokea kooni, na darasa likaangua kicheko. Hawakuwa watoto wabaya. Walicheka kama watoto wanavyocheka. Lakini Neema alikaa chini, akafunga mdomo, na miezi ikapita bila kuufungua tena darasani.

Sasa mwalimu alikuwa amemwita mama yake. Kabla mwaka haujaisha, kila mtoto wa darasa lile alitakiwa asome hadithi ya Kiingereza mbele ya wenzake. Asiyesoma angerudia darasa. Na Neema alikuwa ameshateremshwa darasa moja alipofika nchini, kwa hiyo akirudia tena...

"Tutakaa ku banc moja!" Josué alidakia kwa furaha. "Miye na yeye, ku banc moja!"

"Nyamaza, weye," mama yake alimkemea.

Nilimwona Neema akitazama vidole vyake vya miguu. Kukaa dawati moja na mdogo wako anayekutania kutwa nzima, mwaka mzima, ni adhabu nisiyomtakia mtu. Nikamwambia mama yake amwache kwangu mimi Tantine, shangazi yake wa saluni, tena amwache kila Jumamosi, na akipata nafasi apande naye ashike kitabu.

Siku ya kwanza nilimkalisha katikati ya magoti yangu, nikampa kitabu mapajani, nikaanza kugawa nywele. Kimya. Sikumlazimisha. Nilisuka nusu ya kichwa katika kimya kile, nikasikia kitu kama mbu. Nikainama kidogo. Neema alikuwa anasoma, ila kwa mnong'ono, akilisomea goti langu.

Hapo nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nimelifanya miaka yote bila kulifikiria. Msusi hakutazami usoni. Yeye anakiona kisogo chako, na wewe unauona ukuta. Akikucheka huoni, ukikosea haoni macho yako yakijaa. Na mikono yake iko kichwani pako muda wote, kwa hiyo unajua kwamba yupo. Mtoto mwenye aibu anaweza kukaa hapo akasema mambo ambayo hangemwambia mtu yeyote ana kwa ana. Hata watu wazima wanafanya hivyo. Siri nilizozisikia kutoka visogoni nitakwenda nazo kaburini.

Basi nikaamua Neema asiwe peke yake. Kazi yetu ina majira yake, na katika kila majira tulikuwa na mchezo wetu wa kusoma kwa familia zinazokuja. Nitawatajia baadhi, mchukue mnaoupenda.

Januari watoto wanarudi shule na mitindo ni ile ya adabu, mistari iliyonyooka kwenda nyuma, bila shanga, bila rangi. Ni wakati huohuo ambapo hapa kila familia inafunika madaftari ya shule kwa karatasi ya kahawia na plastiki. Nikawaambia wazazi, leteni madaftari saluni. Baba anakata karatasi, mama anapiga utepe, na mtoto anayesubiri zamu yake anaandika majina kwenye lebo, la kwake na la ndugu zake na la masomo. Meza yangu ilijaa vipande vya karatasi na gundi, lakini watoto waliandika majina mpaka ya paka. Pasaka kwaya zinataka kupendeza, basi anayesukwa anausoma mstari wa wimbo na walio kwenye foleni wanauimba. Ikifika Septemba, siku ile watoto wanapoenda shuleni wamevaa mavazi ya asili, kila aliyesukwa mtindo wa nyumbani kwao alikuwa anaandika kikadi kidogo: mtindo huu unaitwaje, nani alikuwa anausuka, bibi yako aliupenda au hakuupenda. Mtoto asiyejua lazima amuulize mzazi, na mzazi asiyejua lazima apige simu nyumbani. Simu zilipigwa Uvira, Goma, Kisumu, kwa sababu ya kikadi kidogo kama kiganja.

Lakini mchezo niliokuwa naupenda kuliko yote ni wa kufumua. Mnajua kufumua rasta za zamani kunavyochosha. Basi familia nzima inamzunguka mmoja, kila mtu ameshika rasta yake, na anayeimaliza rasta yake anaongeza sentensi moja kwenye hadithi. Hadithi inakwenda jinsi vidole vinavyokwenda. Mwenye kuchoka hadithi yake inakuwa fupi. Mwenye hasira anaua mtu mapema. Mmoja anaandika kila sentensi nyuma ya kadibodi ya pakiti za meshi, na mwisho nywele zimefumuka na hadithi imeandikwa. Kadibodi hizo tulikuwa tunazitoboa kwa ncha ya kitana na kuzifunga kwa uzi wa meshi. Vilikuwa vitabu kamili, vilivyonuka mafuta ya nywele.

Likizo ya Juni mwaka ule ilikuwa ndefu ajabu kwa sababu ya mpira. Watoto walijaa mjini, kila mtu alitaka rasta za rangi za bendera, na mimi nilikuwa na nyekundu, kijani na manjano mpaka kwenye kikombe cha chai. Josué alizunguka saluni akisoma majina yaliyoandikwa migongoni kwenye fulana za wateja, anayatamka kwa makelele, anasahihishwa, anayatamka tena. Neema alisoma kwenye goti langu.

Jumamosi moja barabara ilijaa mavuvuzela, yale matarumbeta ya plastiki ya mashabiki. Mnayakumbuka? Hakuna aliyeweza kusikia hata mawazo yake mwenyewe. Neema alikuwa kisogoni, kitabu mapajani. Nikainama, nikamwambia, "Mama, sikusikie. Uongeze." Akaongeza. "Bado." Akaongeza tena, na mimi nikambonyeza kisogo kwa kidole gumba nikisema bado, bado, mpaka ikawa anapiga kelele kurasa nzima katikati ya ngurumo ile, kwa raha, kama mtu anayeimba bafuni.

Halafu mavuvuzela yakanyamaza. Ghafla, yote pamoja. Na sauti ya Neema ikabaki imesimama peke yake katikati ya saluni.

Kila mtu aligeuka. Nilihisi shingo yake ikikauka mikononi mwangu. Niliwatazama wateja wangu kwa jicho ambalo wanaonijua wanalijua: atakayecheka leo anatoka na nusu kichwa. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja Mkenya, Akinyi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akisubiri zamu, aliinua macho kwenye kitabu chake.

"Na wewe unasoma hivyo na ulikuwa umenyamaza?" alimwambia. "Endelea bana. Nilikuwa nafuata hiyo stori."

Neema hakuendelea. Lakini nilisikia shingo ikilegea.

Kwa ile hadithi ya mwisho wa mwaka, tulihitaji kitabu ambacho Neema angekipenda kiasi cha kusahau kuogopa. Siku ya kumfumua, mama yake alipanda kutoka kwenye meza yake, Josué akashika rasta moja, Akinyi nyingine, mimi nyingine. Mama Neema akaanzisha kisa cha mbuzi wa mama yake Uvira, mbuzi aliyempenda bibi mpaka akamfuata kanisani Jumapili. Sentensi zikazunguka. Mbuzi akaingia kwa mlango wa kwaya. Mbuzi akayaona maua ya madhabahuni. Zamu ya Neema ilipofika, alimnong'oneza Josué, na Josué ndiye aliyesema kwa sauti: "Mbuzi akasema *meee*, na kanisa lote likajibu *amina*."

Mama Neema aliicheka sentensi ile mpaka akaketi sakafuni. Nilimtazama Neema kwenye kioo. Alikuwa anamtazama mama yake akicheka, na alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui bado ni cha thamani gani.

Kuigeuza hadithi hiyo ya mbuzi iwe Kiingereza ilikuwa kazi ya likizo nzima. Akinyi alikuja hata wakati nywele zake hazihitaji kitu.

"Hii 'akajikwatua' tutaisema aje?" aliuliza.

"Ni kujirembesha," mama Neema alisema. "Mbuzi alijirembesha."

"Mama, mbuzi anajirembesha na nini?" Akinyi akashangaa.

"Na majani mu pembe. Weye hujaona mbuzi ya kwetu."

Walibishana, wakafuta, wakaandika, na Neema alikuwa anatamka kila sentensi mpya ili waisikie kama inakaa vizuri. Aliitamka akiwa katikati ya magoti yangu, akitazama ukuta, lakini aliitamka. Kufikia Oktoba alikuwa ananisomea kitabu kizima cha mbuzi, na saluni yote inasikia, na yeye anajua inasikia. Mradi mikono yangu iko kichwani. Nikiiondoa kuchukua meshi, anasimama kwenye neno hilohilo. Nikiirudisha, anaendelea. Nilijaribu mara nyingi. Ilikuwa kama redio yenye waya mbovu.

Novemba mama Neema akaja amenyong'onyea. Alikuwa amejaribu nyumbani, amemsimamisha Neema mbele ya friji. Hakutoa sauti.

"Mama Zawadi, iko wiki tu imebakia," alisema. "Atarudilia. Na Josué asha kuimba wimbo juu yake."

Nikavua aproni. "Twende ku masomo," nikasema.

Mwalimu wake alikuwa mama wa Kizulu wa makamo, mwenye miwani na sauti nzito, na tulimkuta akisahihisha madaftari. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha saluni kwamba mtoto huyu anasoma, ila anasomea chini ya mikono, na kwamba mimi ndiye mwenye mikono yenyewe. Alivua miwani. Majibu yake nawapa kwa Kiswahili.

"Eish, Mama. Saluni ndani ya darasa langu?"

"Dakika chache tu, Mwalimu. Nitafagia."

Akacheka, lakini nilimwona akipima. "Lazima asome mbele ya darasa," alisema, "na asikike mpaka dawati la nyuma. Hayo siwezi kuyabadilisha. Upande anaotazama sikuambiwa." Akavaa miwani yake. "Sharp, basi sawa. Njooni Alhamisi."

Jumatano nilimsuka Neema kichwa chote, nikaacha makusudi sehemu ya kisogoni bila kusuka, ili kesho yake mikono yangu iwe na kazi. Mama yake aliniuliza kama nimechanganyikiwa, mtoto aende shule na kichwa ambacho hakijaisha. Nikamwambia ndiyo, kitamalizikia darasani.

Alhamisi nilikwenda mbele ya lile darasa nikiwa na kitana changu, meshi kidogo begani na moyo unaonipiga kuliko siku ya harusi yangu. Niligeuza kiti kielekee ubaoni, nikaketi. Watoto wote nyuma yangu wakawa wanautazama mgongo wangu, na mgongo wangu, wanaonijua mnajua, si mdogo. Neema akaketi chini katikati ya magoti, uso ubaoni, kitabu cha kadibodi mapajani. Hakuna mtoto aliyeweza kumwona hata unywele. Mama yake alisimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Nikaweka vidole kisogoni. "Haya, mama," nikanong'ona.

Akaanza. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, nikambonyeza kidogo kwa kidole gumba kama nilivyofanya siku ile ya mavuvuzela, akaongeza. Bibi akaamka Jumapili. Bibi akafunga kitambaa. Mbuzi akajirembesha. Nilisuka polepole kuliko nilivyowahi kusuka maishani, lakini kisogo ni kisogo, kina mwisho wake. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, nikafunga ncha, na hadithi ilikuwa bado kanisani mlangoni. Mikono yangu haikuwa na cha kufanya. Nikaiacha imekaa tu pale. Halafu, sijui nilipata wapi ujasiri huo, nikaiinua hewani, kidogo tu, unene wa kidole.

Akaendelea kusoma.

Nikaiinua zaidi. Akaendelea. Mbuzi akaingia kwa mlango wa kwaya, mbuzi akayaona maua, na mimi nimekaa na mikono juu kama mtu aliyeshikwa na polisi. Kisha akaifikia sentensi yake mwenyewe. Mbuzi akasema *meee*, na kanisa lote likajibu *amina*.

Darasa likaangua kicheko.

Kilikuwa kicheko kilekile, cha darasa zima, kile kilichomfunga mdomo mwanzo wa mwaka. Neema akakatika katikati ya ukurasa. Niliona mabega yake yakipanda mpaka masikioni. Nikatazama mlangoni na kuona mama yake amefumba macho. Nilitaka kurudisha mikono kichwani, nilitaka hivyo kwa nguvu zangu zote, na sijui mpaka leo ni nini kilichonizuia.

Neema akainama pembeni. Polepole akachungulia kupitia upande wa goti langu, jicho moja, kuona ni nini wanachokicheka. Mtoto mmoja wa mbele alikuwa amelalia dawati, anampigia mwenzake *meee*. Mwingine anajibu *amina*. Hakuna aliyekuwa anamtazama Neema. Wote walikuwa kanisani Uvira na mbuzi wa bibi yake.

Akarudi kwenye kitabu. Akairudia sentensi ile, tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na alipofika kwenye *meee* akaivuta kama mbuzi mwenyewe. Wakacheka tena. Akangoja wamalize kucheka, akangoja kabisa, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi.

Kisha nikasikia mkono mdogo ukinigonga goti.

"Tantine," alisema, "sogea kidogo. Batoto habanione."

Nikachukua kiti changu, nikasogea.